Mchanga wa Mto Unia Ndio Utakaotuambia

Ukifungua ramani ya setilaiti ukaenda katikati ya Kongo, jimbo la Sankuru, ukatafuta Wembo-Nyama, utauona mto Unia umezunguka kipande cha ardhi karibu duara zima. Mito ya bonde la Kongo inapinda sana hilo tunalijua, lakini inapinda huku ikifuata mteremko wake, inaenda kushoto inarudi kulia alafu inaendelea na safari, sasa huu Unia unazunguka, na ardhi iliyobaki katikati imeinuka kuliko bonde unapopita mto. Katikati pale ni kama mita 550 kutoka usawa wa bahari na bonde la mto liko chini yake mita 50 au 60 hivi. Mwaka 2010 wanasayansi wa Italia, akiwemo Giovanni Monegato wa Chuo Kikuu cha Padova, waliliwasilisha hilo duara kwenye mkutano wa sayansi ya sayari huko Texas wakasema lina upana wa kilomita 36 hadi 46 na huenda limetokana na kimondo kilichopiga ardhi zamani sana.

Vyombo vya habari vikaitangaza, watu wakashangaa, na miaka zaidi ya kumi na tano baadaye Wembo-Nyama bado haimo kwenye orodha ya kreta, yani mashimo yaliyochimbwa na vimondo, zilizothibitishwa. Imebaki kwenye fungu la "inawezekana".

Mimi hili linaniuma na nitasema kwa nini. Swali lenyewe linajibika. Halihitaji kurusha roketi. Linahitaji mawe, na kama mawe hayapatikani basi mchanga, na mchanga uko palepale mtoni, mto umeshaukusanya wenyewe kwa miaka na miaka. Na mfano wa jinsi ya kulifanya uko hukohuko Kongo, Katanga, kwenye nchi ya watu wanaoongea Kiswahili kila siku, nitaufikia.

Kwanza tuelewane kuhusu neno kimondo maana ukilisema kwa Mtanzania kichwani inamjia Mbozi, lile jiwe la chuma la tani kama 16 lililolala pale Songwe. Kile ni kimondo kidogo kwa haya mambo tunayoongelea, na shimo la kutajika hakina. Kimondo cha kuchimba kreta ya kilomita 40 ni kitu kingine kabisa, kwa makadirio ya kawaida shimo linakuwa mara kumi hadi ishirini ya upana wa kimondo, kwa hiyo hapa ni mwamba wenye upana wa kilomita mbili au zaidi unaokuja kwa kasi ya kilomita 15 au 20 kwa sekunde moja. Kikigonga hakibaki. Karibu chote kinageuka mvuke na uji wa moto pamoja na miamba iliyopigwa. Kwa hiyo mtu asiende Wembo-Nyama akitafuta jiwe la chuma la kupiga nalo picha, hatolikuta hata kama kreta ni ya kweli.

Kinachobaki ni majeraha ndani ya miamba yenyewe. Na hapa ndipo wanajiolojia wana msimamo mkali na mimi niko nao asilimia mia, umbo peke yake halitoshi, liwe duara la kupendeza kiasi gani. Kuna alama mbili hasa zinazotafutwa. Ya kwanza unaiona kwa macho, jiwe lina mistari inayoanzia kwenye ncha moja na kutanuka kama mkia wa farasi, na jiwe likivunjwa mistari inatokea tena ndani. Ya pili inataka hadubini, unachukua punje ya kwatzi, yani ile madini ngumu inayong'aa ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida, unakuta ndani yake kuna mistari myembamba sana iliyonyooka, imepangana sambamba, fungu moja likikatiza fungu lingine. Kwatzi haifanyi hivyo kwa joto la volkano wala kwa ardhi kujikunja taratibu. Inafanya hivyo ikipigwa kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa tunayovuta mara laki moja na kuendelea, kwa kitambo kifupi mno, na kwenye uso wa dunia hakuna jambo la asili linaloleta pigo la namna hiyo zaidi ya kimondo.

Ukali huu una sababu na sababu inaitwa Richat. Iko Mauritania, jangwani, duara ndani ya duara, upana wake kilomita kama 40, yani karibu sawa kabisa na hili la Wembo-Nyama. Wanaanga wa chombo cha Marekani cha Gemini IV walilipiga picha mwaka 1965 na kwa muda watu wengi waliamini ni kreta, tena ikasemekana kumepatikana madini ya aina ya koesiti ambayo huzaliwa kwenye mgandamizo mkubwa, ushahidi ukaonekana umekamilika. Wakaenda watu wakapekua upya. Ile koesiti ikaonekana ni bariti, madini ya kawaida tu. Mwaka 1969 Robert Dietz na wenzake wakaandika wazi kwamba Richat sio kreta, na huyu Dietz sio mtu aliyekuwa anapinga habari za vimondo, yeye ndiye alikuwa mstari wa mbele kuwashawishi wenzake kwamba dunia imepigwa mara nyingi na ndiye aliyesisitiza ile mistari ya kwenye mawe itumike kama ushahidi. Leo Richat inajulikana kuwa ni ardhi iliyotuna kutokana na uji wa moto chini yake, kisha upepo na maji vikaikwangua mpaka tabaka zikajitokeza kwa mduara.

Kwa hiyo anayesema "si unaona ni duara" ajue kuna duara lingine la ukubwa uleule barani kwetu lililodanganya wataalamu.

Na mto kuzunguka nao sio ushahidi wa moja kwa moja. Maji hayana akili, yanafuata palipo laini. Ardhi ikiwa imevunjwavunjwa kwa mduara, mto utakaa kwenye huo mduara, na ardhi ikituna kwa chumvi iliyosukumwa juu kutoka chini au kwa uji wa moto uliogandia chini, tabaka laini zitajitokeza pembeni kwa mduara vilevile na mto utakaa humo humo. Ukitaka mfano wa maji kuzunguka kreta ya kweli nenda Manicouagan huko Kanada, kreta ya miaka kama milioni 214 iliyopita, walipojenga bwawa la umeme miaka ya 1960 maji yakajaa kwenye bonde la pembeni ikatokea pete ya ziwa inayoonekana kutoka angani mpaka leo. Inafanana na Unia? Kwa umbo, ndiyo. Lakini Manicouagan inaitwa kreta kwa sababu ya miamba yake iliyoyeyuka na kwatzi yake iliyopigwa, ile pete ya maji ni nyongeza tu.

Wale Waitaliano hawakukurupuka, naomba hilo lieleweke. Waliyapima maelezo mengine, na wakaona hayaingii vizuri kwenye duara kubwa kiasi hicho mahali pale. Kasai yote, eneo ambalo Sankuru imo, inajulikana kwa almasi, na almasi zinakuja na mabomba ya kimberlaiti, yani nguzo za mwamba wa volkano uliopanda kutoka chini sana, lakini bomba la kimberlaiti ni dogo, unaongelea mamia ya mita au kilomita chache sio kilomita 40. Na kuhusu kutokuwepo kwa ukingo mrefu wala kilima kikali cha katikati walisema mvua na joto la Kongo vimeshusha kila kitu, jambo ambalo kwangu linaingia akilini kabisa, nchi ambayo mwamba unaoza kuwa udongo mwekundu mpaka kina cha makumi ya mita haiwezi kutunza ukingo wa kreta kwa mamilioni ya miaka. Kasoro ni moja tu, maelezo ya "mvua imefuta" yanaweza kutetea duara lolote lile. Hayapimiki. Ndiyo maana yanataka kitu kinachopimika kando yake.

Sasa twende Katanga.

Kwenye nyanda za juu za Kundelungu kuna mahali panaitwa Luizi. Umbo la mviringo la pale liliandikwa kwenye ripoti ya kijiolojia ya mwaka 1919, fikiria, kabla ya bibi zetu wengi kuzaliwa. Miaka ya 1990 mtu akaangalia picha za setilaiti akasema hii inaweza kuwa kreta. Ikabaki hivyo, inaweza kuwa. Ukingo umeinuka mita 300 na zaidi juu ya sakafu ya ndani, kuna pete ya kati, kuna pete nyingine ndogo katikati, yani umbo zuri kuliko hili la Wembo-Nyama mara nyingi, na bado hakuna aliyeikubali kwa sababu hakuna aliyeleta jiwe. Mwaka 2010, mwaka uleule Wembo-Nyama inatangazwa, mwanajiolojia Ludovic Ferrière wa Vienna akaenda Luizi kwa miguu pamoja na wenzake, na kwenye karatasi waliyochapisha mwaka 2011 majina ni manne, Ferrière, François Lubala, Gordon Osinski na Pierre Kaseti. Walikuta mawe yenye ile mistari ya kutanuka yakiwa mahali pake, wakakuta kwatzi iliyopigwa, kwisha maneno. Kreta ya Luizi ina kilomita 17, ni ya kwanza kuthibitishwa Kongo. Miaka kama 90 ya "inaweza kuwa" ikaisha baada ya watu kwenda kuokota mawe.

Lubala ni wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Nataka hilo likae vizuri kwenye vichwa vyetu, mara nyingi habari za sayansi kuhusu Afrika zinatufikia zikiwa na jina moja la Ulaya na sisi wenyewe tunazisambaza hivyohivyo, wakati kwenye kazi yenyewe Mkongo yumo na jina lake limechapishwa. Luizi ni kazi ya pamoja. Uwezo ulikuwepo Lubumbashi na bado upo.

Utauliza kwa nini basi wasifanye vivyohivyo Sankuru. Mazingira ni tofauti na tofauti hiyo ni kubwa. Kundelungu ni juu, miti ni michache, mawe yako wazi unayaona. Sankuru ni mpaka wa msitu, udongo mnene, mwamba mzima ni wa kutafuta kwa tochi. Kwanza duara lenyewe lilikuja kuonekana vizuri kwa sababu miti ilikuwa imekatwa miaka ya karibuni, na hapo napata hisia mbili kwa wakati mmoja, furaha ya kugundua na huzuni ya msitu unaoondoka, wala sioni namna ya kuzitenganisha. Mle ndani ya duara na pembeni yake kuna vijiji vya Batetela, kuna misheni ya Wamethodisti iliyoanza mwaka 1914, na Onalua alikozaliwa Patrice Lumumba mwaka 1925 iko pande hizohizo. Wanaolima pale wanaujua Unia kuliko picha yoyote ya setilaiti. Wanajua ukingo gani unabomoka mvua zikizidi na mwamba gani unajitokeza maji yakipungua kiangazi. Mtafiti akifika bila kuwauliza hao amepoteza wiki nzima ya kwanza.

Hapa ndipo mchanga unapoingia, na hii ndiyo hoja yangu kubwa.

Kule Afrika Kusini kuna Vredefort, kreta kubwa kuliko zote zinazojulikana duniani, ina umri wa miaka bilioni mbili hivi, imekwanguliwa mpaka kilichobaki ni mizizi yake tu. Mto Vaal unapita katikati yake. Mwaka 2010 (mwaka huu unajirudia, sio mimi niliyeupanga) mwanajiolojia Aaron Cavosie na wenzake walichapisha utafiti ambao badala ya kuchimba mwamba walichota mchanga wa kisasa wa mto Vaal, mchanga wa kawaida wa ukingoni, wakachambua punje zake. Wakakuta ndani yake kwatzi iliyopigwa, pia zirkoni iliyopigwa na monaziti iliyopigwa, madini mengine mawili yanayokaa kama punje ndogo ndani ya mwamba. Miaka bilioni mbili, mvua zote hizo, na punje bado zimebeba alama. Kazi zilizofuata zikaonyesha punje hizo zinasafiri mamia ya kilomita kwenda chini na mto bila kupoteza ushahidi. Zirkoni hasa ni ngumu mno, mwamba uliomzaa unaoza unakuwa udongo, yeye anabaki.

Ukilielewa hilo unaona kwamba ile hali ya hewa ya Kongo inayoharibu miamba inafanya pia kazi ya upande wa pili. Inaozesha kila kisicho kigumu na kuachia kwatzi na zirkoni, alafu Unia inazizoa kutoka pande zote za duara na kuzilaza kwenye kingo na mapindo yake. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kuchota sampuli. Unachota sehemu kadhaa, pale mto unapoingia kwenye duara, ndani ya mzunguko, na pale unapotoka, kisha unachota kwenye mto wa jirani usiogusa duara ili ulinganishe. Punje zenye alama zikipatikana ndani na baada ya duara lakini sio kabla yake wala kwa jirani, hapo mazungumzo yanabadilika kabisa. Kuchota kwenyewe kunataka mifuko, pikipiki, mtumbwi, kibali na mtu anayejua njia. Hadubini ya kuangalia miamba ni kifaa cha kawaida cha idara ya jiolojia. Kazi ya zirkoni inataka maabara kubwa zaidi na hapo ndipo ushirikiano na vyuo vya nje una maana, tukiwa tumeshashika sampuli mkononi sio tukisubiri kualikwa kubeba mizigo.

Najua pingamizi la haki kabisa linaloweza kutolewa. Ikiwa kreta ni ya kale na juu yake zimelala tabaka za mchanga na matope zilizokuja baadaye, mto unaweza kuwa bado haujaufikia mwamba uliopigwa, kwa hiyo mchanga utakuwa msafi na kreta itakuwepo chini. Sawa. Kwa hali hiyo unapima mvutano wa ardhi, kwa sababu miamba iliyovunjikavunjika ni myepesi na vipimo huonyesha upungufu wenye umbo la mviringo, na hatimaye unachimba. Chicxulub kule Mexico ilipatikana namna hiyo, iko chini ya ardhi na bahari, waliiona kwanza watu wa mafuta kwenye vipimo vyao na ikachukua zaidi ya miaka kumi mpaka 1991 ndipo sampuli za visima zikawashawishi wanasayansi. Kuna jambo lingine linalopimika pia, kreta ya kilomita 40 inainua miamba ya katikati kilomita tatu au nne kutoka ilikokuwa, kwa hiyo katikati ya duara lazima kuwe na miamba ya kale kuliko ya pembeni. Wakichimba katikati wakakuta tabaka zilezile kwa mpangilio uleule wa pembeni, dai la kimondo linakufa. Lakini kuchimba ni mamilioni ya dola. Mchanga ni wa kuanzia nao, na kabla hata ya mchanga kuna jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji lenye makabati ya mawe na ramani za kijiolojia zilizobebwa kutoka Kongo wakati wa ukoloni, mwanafunzi wa Kongo anayesoma Ubelgiji aombe kuona ya Sankuru, aangalie kwatzi yake kwa hadubini. Hilo halina gharama ya ndege ya kwenda msituni.

Nina wasiwasi mmoja na nausema wazi kwa sababu nimeona jinsi habari hizi zinavyosambaa. Mtu anasoma kwamba nikeli ya Sudbury huko Kanada inatokana na kreta, anasoma kwamba dhahabu ya Witwatersrand ilihifadhika kwa sababu ya Vredefort, vyote ni kweli, kisha anaandika kwamba Wembo-Nyama kuna utajiri umefichwa na wazungu wanajua. Hakuna sampuli hata moja iliyochapishwa inayounga mkono hilo. Luizi imethibitishwa tangu 2011 na haijageuka mgodi. Kongo imeshateseka vya kutosha kwa uvumi wa madini, na ukilima shamba lako pale ndani ya duara kitu cha mwisho unachohitaji ni watu wenye bunduki waliosoma uzushi kwenye simu. Anayeandika kuhusu mahali pale aandike kinachojulikana, duara lipo, vipimo vyake vipo, asili yake haijathibitishwa.

Kwa maoni yangu kimondo ndiyo maelezo yanayoongoza kwa sasa, kwa sababu ya ukubwa wa duara na jinsi lilivyo na kiini kilichoinuka, lakini Richat inanizuia kusema zaidi ya hapo. Na ikitokea mchanga wa Unia ukachambuliwa, vipimo vya mvutano vikafanyika, na jibu likawa hapana, kazi haitakuwa imepotea. Kitu chochote kilichoinua ardhi kwa kilomita 40 ukingoni mwa bonde la Kongo bila kuwa kimondo, iwe chumvi, iwe uji wa moto uliogandia chini, ni habari nzito kwa wanajiolojia wa Kasai yote, na hiyo nayo itaanzia kwenye mifuko ileile ya mchanga.